Msomaji wa Tanbihi

Makala kuhusu soko haina mashabiki. Tarehe ya kuzaliwa ya mshambuliaji wa Simba au Yanga ikikosewa, kabla jua halijazama watu watatu wameshaisahihisha na wameanza kugombana wao kwa wao. Makala ya mwanasiasa inalindwa na wapambe na kuviziwa na mahasimu. Ya soko, au ya jengo la maduka, inaweza kukaa na kosa lake miaka mitano bila kuguswa, kwa sababu wanaolijua soko hilo wako sokoni na wana shughuli zao.

Nimepata bahati ya kukaa karibu na mtu anayezishughulikia makala za aina hiyo. Ni mkutubi hapa Dodoma, mama wa makamo, na muda wake wa ziada anautumia kupima makala za Wikipedia zinazohusu kanda ya kati. Kuandika, anaandika kidogo. Kazi yake hasa ni kuchukua makala ya mwenzake, kuisoma mstari kwa mstari, kuipa daraja, na kuacha maoni kwenye ukurasa wa majadiliano ambao wasomaji wengi hawajui hata kama upo. Halipwi. Mtandaoni anatumia jina la bandia kama wenzake wengi. Wanafunzi wanaomfuata kujifunza wanamwita Madam, na huo ndio utukufu wote anaoupata.

Safari hii alikuwa na rasimu kuhusu Soko Kuu la Job Ndugai, lile la Nzuguni, jirani na kituo kikuu cha mabasi. Mwandishi ni kijana wa mwaka wa pili, na alikuwepo, ameketi pembeni na daftari. Nilitegemea mkutubi aanze na aya ya kwanza. Hakuanza nayo. Aliuteremsha ukurasa wote mpaka chini kabisa, kwenye tanbihi, akaanza kufungua viungo kimoja kimoja.

“Nikianza juu, mwanangu, utanishawishi,” alimwambia kijana. “Wewe unaandika vizuri. Ngoja kwanza nijue umesimama juu ya nini.”

Tanbihi zilikuwa nyingi, na kwa macho yangu zilipendeza. Kwa macho yake, zilipungua kadiri alivyozisoma. Habari ya gazeti, habari ya blogu, habari ya blogu nyingine, tovuti ya habari za mikoani, ukurasa wa taasisi. Akaweka mbili kati yake kando kwa kando na kuonyesha kwa kidole: sentensi ileile, mpangilio uleule wa tarakimu, na neno moja lililokosewa herufi mahali palepale. Akafungua ya tatu. Kosa lile lilikuwemo. Ilikuwa taarifa moja kwa vyombo vya habari, iliyotolewa siku moja na ofisi moja, ikanakiliwa na kila aliyeipokea. Kijana alidhani ana mashahidi watano, kumbe ni shahidi mmoja aliyesikika mara tano.

Wanazuoni wa hadithi za Mtume waliijua hesabu hii tangu zama za Imamu Bukhari, aliyefariki mwaka 870. Njia za mapokezi zinaweza kutawanyika miji kumi, lakini zote zikipita kwa mpokezi mmoja, uzito wa habari ni uzito wa mtu huyo. Mkutubi si Mwislamu, lakini nilipomtajia jambo hili alicheka kwa furaha, akasema angependa siku moja kusoma namna walivyokuwa wakiandika wasifu wa wapokezi. Anatamani blogu nazo ziwe na vitabu vya namna hiyo: nani mkweli, nani ana kumbukumbu dhaifu, nani hupokea bahasha.

Ndipo akapanda juu kwenye maneno yenyewe. Sentensi ya kwanza ya rasimu ilisema hili ni soko la kisasa, kubwa na la kipekee lililojengwa ili kuinua uchumi wa wananchi. Mkutubi aliisoma kwa sauti, taratibu, kama anayesoma barua ya mtu asiyemfahamu. “La kisasa” akalipigia mstari. Kila soko lilikuwa la kisasa siku lilipofunguliwa. Neno hilo linaeleza umri wa rangi ya ukuta na halielezi soko. Mwandishi akitaka, aseme kuna paa la namna gani, kuna maegesho, kuna vyumba vya baridi au hakuna, na msomaji ataamua mwenyewe kama ni usasa. “La kipekee” likafutwa bila maelezo. “Ili kuinua uchumi wa wananchi” lilimchukua muda zaidi. Hilo, alisema, ni lengo lililotangazwa, na lengo si tokeo. Linaweza kubaki kama litaandikwa kwamba halmashauri ilisema hivyo, na tanbihi ionyeshe ilisema wapi. Kilichobaki cha kusimama chenyewe ni kwamba soko liko Nzuguni, limejengwa chini ya mradi wa kuendeleza miji ya kimkakati, ule wa TSCP, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, na limepewa jina la Job Ndugai. Sentensi ilikuwa fupi sasa, na kwa mara ya kwanza ilikuwa inasema kitu.

Hapo nikaanza kuielewa raha ya kazi hii. Watu hudhani mpimaji wa makala anatafuta makosa ya tahajia. Anayatafuta pia, lakini muda mwingi anautumia kutenganisha vitu ambavyo lugha ya kila siku huvichanganya. Chukua tarehe. Rasimu ilisema soko “lilianzishwa” mwaka fulani, basi. Mkutubi alimuuliza kijana: lilianzishwa kwa maana gani? Jengo la umma nchini kwetu lina siku nyingi za kuzaliwa. Kuna siku mkandarasi alipokabidhiwa eneo. Kuna siku kiongozi alipoweka jiwe la msingi, na jiwe lenyewe limechongwa jina na tarehe, shahidi mzuri sana, ila ushahidi wake ni wa siku ya jiwe tu. Kuna siku ujenzi ulipokamilika, siku jengo lilipokabidhiwa, siku ya uzinduzi wenye ngoma na vipaza sauti, na siku muuzaji wa kwanza alipotandika nyanya zake chini na kusubiri mteja. Kati ya hiyo ya mwanzo na hiyo ya mwisho panaweza kupita miaka. Makala inayoweka zote ndani ya neno moja haijasema uongo, lakini anayeitegemea atajikuta anabishana na mwenzake, na wote wawili wana haki.

Halafu ukubwa. Magazeti yetu hupenda kuandika kwamba soko “lina” wafanyabiashara elfu kadhaa. Mkutubi anataka kujua kama ni wafanyabiashara waliomo au ni nafasi zilizopo, na nafasi hizo ni nini: fremu, vizimba, au meza? Fremu ina mlango, ina kufuli, ina kodi yake kwa mwezi; kizimba ni kizimba; na anayepanga mafungu ya mchicha kwenye kiroba nje ya geti hayumo katika hesabu yoyote ingawa ndiye wateja wanamwona kwanza. Majengo makubwa ya maduka ya ng'ambo yamejirahisishia mambo kwa kutumia kipimo kimoja, eneo la sakafu linalopangishwa, kwa mita za mraba. Kwa soko la Dodoma kipimo hicho kingeacha nje nusu ya biashara.

Kuhusu watu, kijana aliandika kwamba jiji lina wakazi 410,956. Tarakimu ni sahihi, inatoka kwenye sensa ya 2012, wakati Dodoma ilikuwa bado manispaa. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 765,179. Nilidhani mkutubi atafuta ya zamani na kuweka mpya. Alimwambia azibakishe zote mbili, kila moja na mwaka wake, kwa sababu msomaji akiziona pamoja atajua mara moja kwa nini mji uliokuwa ukitosheka na masoko ya Majengo na Sabasaba ulihitaji soko jingine pembeni. Katikati ya tarakimu hizo mbili kuna uamuzi wa Serikali kuhamia Dodoma kwa vitendo kuanzia 2016, kuvunjwa kwa CDA, mamlaka ya kustawisha makao makuu, Mei 2017, na hadhi ya jiji iliyotangazwa tarehe 26 Aprili 2018. Alitaka aya moja tu ya hayo, yenye tanbihi, na isizidi, maana makala ni ya soko.

Jina la soko nalo lina somo lake. Job Ndugai alikuwa Spika wa Bunge kuanzia Novemba 2015. Alijiuzulu Januari 2022, akafariki Agosti 2025. Rasimu, kwa kunakili habari ya zamani, ilimwita “Spika wa Bunge.” Hapo hakuna aliyedanganya. Sentensi ilikuwa kweli ilipoandikwa, kisha ikaharibika yenyewe ikiwa imekaa kimya, kama maziwa. Mkutubi ana jicho kali kwa maneno yanayooza: sasa, hivi karibuni, kwa sasa, mpya, anatarajiwa. Kila analolikuta analigeuza liwe mwaka. Alimpa kijana mfano wa Mlimani City ya Dar es Salaam, iliyofunguliwa 2006 kwenye ardhi ya Chuo Kikuu. Duka lake kuu la vyakula lilikuwa Shoprite. Mwaka 2014 likawa Nakumatt. Miaka michache baadaye Nakumatt yenyewe ikaanguka. Aliyeandika “duka kuu ni Shoprite” alikuwa sahihi kwa miaka kadhaa, kisha akawa si sahihi bila kufanya lolote. Aliyeandika “hadi 2014 duka kuu lilikuwa Shoprite” atakuwa sahihi hata baada ya sisi sote kuondoka.

Mlimani City ilimfaa kwa jambo jingine. Mkataba wa mwekezaji na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam umejadiliwa na kamati ya Bunge na kuandikwa katika ripoti za CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za Serikali. Makala inayolisifu jengo kwa viyoyozi na kumbi za sinema huku ikiuruka mkataba imeegemea upande. Na inayozungumzia mkataba tu, msomaji asijue hata maduka yako wapi, imeegemea upande mwingine. Ugumu kama huo uko Nairobi, kwenye makala ya Westgate. Jengo lile lilifunguliwa 2007, likashambuliwa tarehe 21 Septemba 2013, watu 67 wakauawa, likafunguliwa tena Julai 2015. Utaupa msiba nafasi kiasi gani katika makala ya jengo? Ukiupunguzia, unawakosea waliokufa. Ukiuachia kila kitu, umeandika makala ya shambulio, ambayo tayari ipo na ina ukurasa wake. Mkutubi haamini kuna kanuni ya asilimia. Anasoma mpaka mwisho, anafunga, kisha anajiuliza amebaki na nini kichwani. Kama amebaki na kitu kimoja tu, mizani imelala.

Vigezo vyenyewe si siri. Katika Wikipedia ya Kiingereza, makala inayotaka kuitwa nzuri hupimwa kwa mambo sita, na hayo ni uandishi safi, uthibitisho, upana wa habari, kutopendelea, utulivu na picha. Anayeipima ni mtu mmoja ambaye hakuwa na mkono mkubwa katika kuiandika. Juu ya makala nzuri kuna daraja la makala bora, ambako wapimaji huwa wengi na hawana huruma. Zilizofika huko ni kama moja katika kila elfu. Chini kabisa ni mbegu, jina ambalo Wikipedia ya Kiswahili, iliyoanza 2003, imelibandika kwenye maelfu ya makala zake fupi. Upo pia mfumo wa pili ambao naupenda kuliko wa kwanza: umuhimu wa mada hupimwa peke yake, mbali na ubora wa makala. Kuna hata kikundi cha wahariri kinachoshughulikia majengo ya maduka tu, kikipanga kila jengo kwa ubora upande huu na umuhimu upande ule. Mbegu inaweza kuwa na umuhimu wa juu kabisa. Pengo kati ya alama hizo mbili ndilo linalompa mkutubi ratiba yake ya kazi.

Kigumu ni vyanzo, na hapa ndipo soko linapomtesa. Soko huandikwa siku mbili: siku linapofunguliwa na siku linapoungua. Kariakoo, jengo la mbunifu Beda Amuli lililofunguliwa 1975, lenye paa la miavuli ya zege iliyogeuzwa juu chini ili kukinga maji ya mvua, liliandikwa sana siku ile, kisha likaandikwa mno baada ya moto wa tarehe 10 Julai 2021. Katikati kuna zaidi ya miaka 45 ya watu kuuza na kununua kila siku, na kwa mwandishi wa kamusi elezo miaka hiyo ni kama haikuwepo. Gazeti halina sababu ya kutuma mpigapicha aripoti kwamba leo vitunguu vimeuzwa.

Niliwahi kuongozana naye Majengo kununua karanga. Alimuuliza mama mmoja aliyekaa nyuma ya debe, kwa heshima zote, shikamoo kwanza, kwamba eneo hili la nafaka limekuwa hapa tangu lini. Mama akamwambia, “Mimi nimeachiwa na mama yangu, naye alilikuta.” Kisha akaeleza kwa utaratibu nani aliuza wapi, lori la kutoka Kondoa lilishusha upande gani, uwele ulikaa wapi kabla watu hawajahamia sana kwenye mchele, na zabibu zinapoingia mara mbili kwa mwaka wachuuzi wanajibana vipi. Ilikuwa historia ya soko, kamili kuliko yote niliyowahi kusoma. Mkutubi alisikiliza mpaka mwisho, akanunua karanga zake, akashukuru.

Tulipotoka nikamwambia: si ndiyo hiyo makala yako? Akasema hapana, haiwezi kuingia hata neno. Hakuna mahali ilipochapishwa ambapo msomaji wa Mwanza au Muscat ataweza kuikagua. Mwaka 2011 kulikuwa na jaribio huko India na Afrika Kusini la kurekodi mazungumzo ya namna hiyo na kuyatumia kama tanbihi. Analifahamu, analionea wivu, lakini halijawa utaratibu. Mimi naona kanuni hii inawaonea watu wetu, na nilimwambia. Yeye naye anaona hivyo, ila anaifuata, kwa sababu siku atakapomruhusu mama wa karanga atalazimika kumruhusu na mwenye jengo anayedai alikuwa wa kwanza kuleta ngazi za umeme kanda ya kati. Tangu siku ile amekuwa akiwasukuma wanafunzi waandike tasnifu zao kuhusu masoko. Tasnifu ikishawekwa maktaba, mama wa karanga ameshakuwa na tanbihi. Hiyo njia ni ndefu, lakini inapitika.

Nirudi kwenye rasimu. Baada ya tanbihi, tarehe na tarakimu, alifanya jaribio ambalo nadhani ni la kwake. Alinakili aya zote za katikati, akaondoa jina la soko na la mji, akampa kijana asome na aseme ni soko la wapi. Kulikuwa na matunda, mboga, nafaka, nguo, usafi, ulinzi wa saa 24, na maegesho. Kijana akasoma, akanyamaza, akakiri linaweza kuwa Mbeya au Singida. Hapakuwa na zabibu, alizeti, karanga wala ubuyu. Hapakuwa na mabasi ya mikoani yanayoshusha abiria karibu na geti, wala viwanja vya Nanenane vilivyo jirani, ambavyo kila Agosti hubadilisha kabisa hali ya eneo lile. Hapakuwa na swali ambalo kila mkazi wa Dodoma analijua, la nauli: mtu wa Area C au Chang'ombe ana sababu gani ya kwenda Nzuguni wakati Majengo iko katikati ya mji? Na lile soko la wazi la Machinga la Barabara ya Bahi halikutajwa, ingawa bila hilo huwezi kueleza jiji liliamuaje nani auzie wapi.

“Yote haya unayajua,” mkutubi alimwambia. “Umeyaacha kwa sababu taarifa haikuyataja. Katafute nani ameyaandika.”

Akampa daraja la mwanzo kwa ubora, ngazi moja juu ya mbegu, na umuhimu akauweka juu. Kijana aliona ameonewa. Macho yalimjaa hasira ambayo adabu ilimzuia kuitamka. Maoni yaliyoachwa kwenye ukurasa wa majadiliano yalikuwa marefu kuliko rasimu. Kila pingamizi lilikuwa na njia ya kutokea: ripoti gani ya mradi atafute, ofisi ya takwimu ipo mtaa gani, magazeti ya zamani yamefungwa rafu ipi, na kwa kuwa Bunge liko hapahapa, apitie Hansard, maana maswali ya wabunge kuhusu masoko hujibiwa na waziri kwa tarakimu na tarehe. Hata picha ilisemwa. Ilikuwa ya siku ya uzinduzi, sakafu inang'aa, hakuna muuzaji hata mmoja. Apige nyingine saa mbili asubuhi, mzigo ukiwa unashushwa.

Wiki iliyofuata kijana alirudi na vitu viwili: picha mpya yenye malori, na jibu la waziri alilolipata kwenye Hansard. Alikuwa amelinakili kwa mkono kwenye daftari na kulipigia mstari kwa wino mwekundu. Mkutubi alilisoma, akalirudia, nikaona amefurahi kwa jinsi alivyovua miwani. Kisha akamuuliza ni mkutano wa ngapi, kikao cha ngapi, ukurasa gani. Kijana alikuwa ameandika tarehe tu. Bado ilikuwa saa nane mchana na maktaba haijafungwa, kwa hiyo alichukua begi lake akarudi.